Jino Ni Langu, Nielezeni Kabla Mng'oe

Wasee, ukipeleka simu kwa fundi pale mtaani anakueleza anafungua wapi, anabadilisha nini na utalipa ngapi. Lakini jino? "Fungua mdomo." Sindano. Jino nje. "Ng'ata hiyo pamba. Anayefuata!"

Mimi nilifanyiwa hivyo mwaka jana. Usiku huo huo nikasukutua na maji ya chumvi vile shosho alisema, kesho yake asubuhi nikanywa soda na mrija. Siku ya tatu uchungu ukapanda hadi sikioni. Kurudi naambiwa ati, "Si ungejua hufai kusukutua?" Ningejua aje na hukuniambia?

Sasa wacha niwaambie mimi, maana hata dakika mbili haziishi. Ganzi inaua uchungu, haiui msukumo. Utasikia jino likisukumwa na kuvutwa, hiyo ni kawaida. Ukisikia uchungu mkali, inua mkono uongezewe ganzi. Pamba ng'ata kama nusu saa bila kuchungulia. Damu ikiganda kwa shimo ndiyo plasta yako, na ikitoka mfupa unabaki wazi. Ndio maana saa 24 za kwanza hakuna kusukutua, kutema kwa nguvu, mrija wala sigara. Maji ya chumvi ni baada ya hapo, yawe vuguvugu. Kuvimba siku mbili tatu si ajabu. Lakini damu isiyokoma, homa, ama uchungu unaozidi badala ya kupungua, rudi haraka.

Na msiniambie foleni ni ndefu. Najua daktari ni mmoja na benchi imejaa. Lakini mimi kurudi siku ya tatu, si nimeongeza hiyo foleni? Karatasi moja ya Kiswahili ingetuokoa sisi wote.

Tena hatuombi msaada hapa. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoelewa inapowezekana. Na ana haki ya kukataa. Mimi hata sikuulizwa kama lingezibwa.

Kwa hivyo ukikalia kile kiti, uliza kwanza. Lazima ling'olewe? Nikifika nyumbani nifanye nini? Damu ikikataa kukoma usiku, niende wapi? Akikasirika kwa sababu umeuliza, shuka utafute mwingine. Jino likishatoka halirudishwi.