Fimbo kwa ng'ombe ni hasara ya mfugaji

Katika tambarare kame za Lembeni, wilayani Mwanga, chini ya Milima ya Upare, kunenepesha ng'ombe ni kazi ya miezi mingi. Cha kusikitisha ni kwamba safari moja mbaya ya kwenda machinjioni inatosha kuiharibu kazi hiyo.

Ng'ombe anayechapwa, kubanwa kwenye lori na kunyimwa maji huingiwa na hofu. Mwili wake hutoa homoni ya adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza na kutumia sukari yake ya akiba. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi na kushusha pH ya nyama kutoka 7 hadi karibu 5.5. Ikiwa imekwisha njiani, pH hubaki juu ya 6. Nyama huwa nyeusi na huharibika haraka.

Mwenye bucha akipata hasara, kesho atampunguzia mchuuzi bei, naye mchuuzi atampunguzia mfugaji. Mnyama akiuzwa kwa kukadiria kwa macho, mfugaji hajui hata alichokatwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, lakini askari hawezi kupanda kila lori. Mlinzi wa kwanza ni mwenye mali. Asafirishe wakati wa ubaridi, asichanganye madume wasiozoeana, awape maji na mapumziko kabla ya kuchinjwa, na adai mizani. Upole kwa mifugo si huruma tu, ni biashara.