Kupasha Motokaa Joto Asubuhi

Baridi ya Juni na Julai huku Katanga si ya mchezo. Likasi, mji wetu wa vilima, umeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kipupwe mwenye motokaa huona shida kuiondosha mara moja. Huiwasha, akaiacha ikinguruma, naye akarudi ndani kunywa chai. Desturi hiyo tuliirithi kwa wazee wetu madereva, tukaifuata miaka mingi bila kuuliza neno. Leo twataka kuipima, kwa maana nusura ituletee msiba nyumbani.

Asubuhi moja upepo ulikuwa mkali. Tukaiwasha motokaa ndani ya banda lake, mlango tumeurudisha, tukaenda kunawa uso. Banda lile limeshikana na chumba cha watoto, na juu ya ukuta pana tundu la kupitisha hewa. Robo saa haijaisha, mtoto wetu wa mwisho akatoka akiyumba, ameshika kichwa, akatapika. Sisi tukadhani ni malaria. Mama yake, mwenye akili kutupita, akasikia mngurumo, akakimbia kuizima injini, akawatoa watoto wote uani. Hospitalini mtoto alipona. Lakini muuguzi alitutazama kwa muda, kisha akasema, “Kama wangalikuwa usingizini wote, msingalisikia hata kilio.”

Basi, wasomaji wapenzi, tujue adui huyu ni nani. Moshi wa motokaa una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, hivyo pua haiwezi kutuonya. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hunyimwa hewa huku mtu akivuta pumzi kama kawaida. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala aweza kufa asiamke. Wala kuufungua mlango wa banda hakutoshi, kwani sumu hupenya nyumbani kwa nyufa na matundu. Motokaa na itolewe nje kwanza, mbali na madirisha.

Mtu atauliza: Je, wazee walikosea? La, hawakukosea. Motokaa zao zilitumia kabureta, nayo wakati wa baridi haikuweza kuchanganya vema petroli na hewa. Dereva alivuta choki, akangoja. Asipongoja, injini ilizimika njiani. Lakini tangu miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji wengi waliiacha kabureta. Katika motokaa za siku hizi, vipimo vidogo huonja baridi ya injini, na kompyuta huamua kiasi cha petroli. Yatosha kungoja kama nusu dakika, ili mafuta ya kulainisha, ambayo ubaridi huyafanya mazito, yafike penye vyuma vyote. Kisha ondoka.

Tena, kuiacha ingurume muda mrefu hakuisaidii injini. Ikisimama bila kazi hutoa joto kidogo, hukawia kupata moto, na petroli ya ziada husafisha yale mafuta kwenye kuta za silinda, hata vyuma vikasuguana vikavu. Ikienda polepole hupata joto upesi zaidi. Lakini tuseme polepole kweli. Katika kilometa za kwanza usikanyage kwa nguvu, usiinyanyase mlimani, mpaka mshale wa joto upande. Hata anayekwenda Lubumbashi, safari ya kilometa kama 120, hapungukiwi kitu akianza kwa upole.

Wenye motokaa za mazutu wana jambo moja zaidi. Kabla ya kuwasha, wangoje taa yenye alama ya msokoto izimike, maana ndiyo ionyeshayo kwamba plagi za joto zimekwisha pata moto. Na madereva wa malori makubwa, kama yale yabebayo shaba kutoka Kolwezi, hawana budi kungoja breki zijae upepo hata kipimo kifike panapotakiwa. Kungoja huko si desturi tupu, ni usalama wa watu. Ila nako kufanyike mahali pa wazi.

Neno la mwisho ni kwa wasio na motokaa. Sumu ile ile hutoka katika mbabula ya makala. Usiku wa baridi wengi huiingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makala yaliyowiva, yasiyotoa moshi wa kuonekana, bado yanaitoa. Mbabula na ibaki nje. Watoto waongezewe blanketi.

Motokaa yetu sasa hulala banda lile lile, lakini asubuhi twaisukuma kwa mikono hadi uani ndipo tuiwashe. Jirani hutucheka, akidhani betri imekufa. Na acheke. Watoto wetu wanamsikia akicheka, nasi twashukuru kwamba wanamsikia.