Kipawa Kisikunyime Usingizi

Wazazi wa Mau Narok wana malalamiko yao, na si ya bure. Umeuza magunia ya viazi ili mtoto apate karo ya Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro, kisha unasikia kwamba alfajiri yuko barabarani anakimbia na jioni yuko uwanjani tena. Utakosaje kuuliza kama ulimpeleka kusoma au kukimbia?

Lakini jibu si kumnyang'anya viatu. Kijana aliyelelewa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, akipanda na kushuka vilima vya Mau kila siku, si ajabu miguu yake ikidai kazi. Tena mazoezi humpunguzia wasiwasi wa mitihani na kumpa marafiki asiowapata kwenye baa. Afadhali huyo kuliko yule anayemaliza pesa za mkopo kwa kamari ya simu, halafu anasema anapenda michezo!

Taabu huja mapenzi hayo yakikosa mpaka. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State, Marekani, mwaka wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 3,000, 5,000, 10,000 na kuruka viunzi na maji. Olimpiki hakuzikimbia kamwe, maana Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Baadaye pombe ilimsumbua miaka mingi, naye mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 2024, hakulificha jambo hilo. Sisemi ni mbio zilizomtia kwenye chupa. Maisha ya mtu yana mengi. Ila mwanafunzi asiye na lolote zaidi ya mchezo atashika nini siku mchezo ukifungwa na watu asiowajua? Peter Rono naye alikuwa bado mwanafunzi wa Mount St. Mary's, huko Maryland, aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka wa 1988. Kwa hivyo kitabu na kiatu vyaweza kukaa chumba kimoja.

Sasa wewe mwanafunzi. Mwili hujirekebisha umelala, wala si ukiwa mbioni. Saa saba hadi tisa za usingizi si uvivu. Ukikesha na vitabu hadi saa nane za usiku, acha mbio za saa kumi na moja alfajiri hiyo. Siku moja kwa wiki pumzika kabisa, na majuma ya mitihani upunguze kilomita. Chai na chapati moja haitoshi mkimbiaji. Tafuta githeri, ndengu, mayai, maziwa.

Wasichana, hili halisemwi vya kutosha: hedhi ikikatika miezi mitatu usishukuru kwamba umepumzika. Huenda mwili unakosa chakula cha kutosha, na mifupa hudhoofika polepole. Nenda kwa daktari. Vivyo hivyo maumivu ya mfupa yanayozidi kila ukikanyaga. Hayo hayatibiwi kwa ushujaa.

Nawe mzazi, ukipiga simu Jumapili ya leo, alama za mtihani zingoje kidogo. Muulize kwanza alilala saa ngapi, amekula nini, na lile goti linaendeleaje.