Wakati umefika waajiri wapime ujuzi, si bahasha

Kwa miaka mingi, kijana anayesaka kazi nchini Kenya ametambulikana kwa bahasha ya kaki aliyoibana kwapani. Ndani ya bahasha hiyo mna cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, barua ya maombi na cheti cha polisi cha tabia njema. Kijana huizungusha kutoka lango hadi lango katika Industrial Area jijini Nairobi na huiacha kwa mabawabu wa viwanda vya Changamwe kule Mombasa, kisha hurudi nyumbani kungoja simu isiyolia. Siku hizi bahasha hiyo imehamia kwenye mtandao, lakini desturi haijabadilika. Mwajiri huisoma karatasi kabla ya kumwona mtu, na mara nyingi mtu mwenyewe hamwoni kabisa.

Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Katika suala la ajira, sisi tumeipindua hekima hiyo. Tumekuwa tukisikiliza maneno yaliyoandikwa kuhusu mtu, na kitendo chake tumekiacha nje ya lango. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kosa hilo, ambalo tuliweza kulivumilia zamani, haliwezi kuvumilika tena katika enzi hii ya akili unde, yaani programu za tarakilishi zenye uwezo wa kuandika, kutafsiri, kupiga hesabu na kujibu maswali kama binadamu.

Tabia ya kuabudu vyeti haikuanza jana. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika alikuwa adimu, na cheti kilitosha kumtoa shambani na kumkalisha kwenye meza ya karani. Baada ya uhuru mwaka 1963, nafasi zilizoachwa na wageni ziliwangoja waliosoma, na shahada moja iliweza kubadili hali ya ukoo mzima. Kisha shule zikaongezeka kuliko kazi za ofisini. Waajiri waliofurikiwa na waombaji wakachagua njia iliyokuwa nyepesi kwao, nayo ni kupandisha kiwango cha cheti. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mtu wa darasa la saba ikadaiwa kidato cha nne, baadaye stashahada na hatimaye shahada, ilhali kazi yenyewe ilibaki ile ile. Msomi Mwingereza, Ronald Dore, aliuita mtindo huo ugonjwa wa vyeti katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi alizozitolea mfano.

Dawa ilijaribiwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ulikusudia kumpa mtoto kazi za mikono kama vile useremala, ushonaji na kilimo. Hata hivyo, shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, wazazi walilemewa na gharama, na masomo hayo yakageuka kuwa maswali ya mtihani. Mtoto akajifunza kuchora msumeno badala ya kukata mbao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, umeirejesha ahadi ile ile. Lakini mtaala uwe mzuri namna gani, hautafua dafu iwapo mhitimu atafika mbele ya mwajiri na kuulizwa swali moja tu: "Ulipata gredi gani?"

Karatasi inapothaminiwa kuliko kazi, hapakosekani wa kuighushi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, Tume ya Utumishi wa Umma iliziagiza taasisi za serikali kuvikagua vyeti vya watumishi walioajiriwa katika miaka 10 iliyotangulia. Ilipofika Februari mwaka 2024, tume hiyo ilitangaza kwamba vyeti bandia zaidi ya 2,000 vilikuwa vimegunduliwa. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Ila kuna swali ambalo halikuulizwa sana. Watu hao waliketi katika ofisi za umma kwa miaka, wakapokea mishahara na pengine hata kupandishwa vyeo. Ikiwa kazi yao ilikuwa mbovu, mbona kilichowafichua kikawa ni ukaguzi wa karatasi na si ubovu wa kazi? Na ikiwa kazi yao ilikuwa nzuri, basi cheti walichotakiwa kuwa nacho kilikuwa kikipima nini? Kughushi ni jinai na hakutetewi hapa. Linalodhihirika ni kwamba hatukuwa na mizani ya kuipima kazi yenyewe.

Mfano wa pili unauma zaidi. Kwa miaka mingi, vijana wetu wengi, baadhi yao wakiwa wahitimu wa vyuo vikuu waliokosa ajira, walijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha na hata tasnifu kupitia kwenye mtandao. Haikuwa biashara ya halali mbele ya macho ya walimu wa huko, na Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo, programu ya ChatGPT ikazinduliwa. Mwanafunzi mvivu aliyekuwa akimlipa Mkenya sasa aliweza kupata insha kwa dakika chache bila gharama. Kazi zikapungua, malipo yakashuka, na vijana waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zao kwa pato hilo wakajikuta mikono mitupu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kuna watu ughaibuni wenye shahada zilizopatikana kwa jasho la kijana wa Nairobi au Eldoret, ambaye mwenyewe hakuajiriwa kwa sababu shahada yake haikutosha. Hakuna ithibati kubwa kuliko hiyo kwamba karatasi na ujuzi ni vitu viwili. Funzo la pili ni kali zaidi. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, nasi tuliamini hivyo, lakini umahiri uliomlisha mtu kwa miaka 10 umezeeka ghafla.

Isitoshe, mashine hizo hizo sasa huandika barua za maombi ya kazi. Kijana asiyeweza kutunga aya moja kwa ufasaha anaweza kuwasilisha barua isiyo na doa, na yule aliyejitungia mwenyewe akaonekana duni kando yake. Mwajiri naye, akizidiwa na barua elfu moja zinazofanana, huikabidhi tarakilishi kazi ya kuzichuja. Mashine imeandika, mashine imesoma, na binadamu wawili waliohitajiana hawakukutana.

Wakati hayo yakitendeka, hebu tutazame upande wa pili wa mji. Pale Kamukunji jijini Nairobi, mafundi wa jua kali huyageuza mabati na mapipa makuukuu kuwa majiko, masanduku na mikokoteni. Kule Matondoni katika kisiwa cha Lamu, maarifa ya kuunda majahazi yamepokezanwa kwa uanagenzi kizazi baada ya kizazi, fundi akiongozwa na jicho na mkono wake pasipo ramani ya kuchorwa. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipochunguza ajira nchini mwaka 1972, liliwaonyesha walimwengu kwamba sekta hii iliyokuwa ikidharauliwa na kusumbuliwa na askari wa mabaraza ya miji ilikuwa na tija kubwa. Leo hii, bila kuwahesabu wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wamo humo. Hata hivyo, fundi wa miaka 20 akiomba kazi kiwandani hukataliwa kwa sababu hana cheti, naye kijana aliyeshika nyundo mara mbili chuoni akachukuliwa.

Haya si mambo yasiyo na suluhisho. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia viwango vya ufuzu nchini, KNQA, ambayo imeanzisha utaratibu wa kuutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, nayo huwatahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na huwapima kwa kazi ya mikono yao. Kinachohitajika ni kuzipeleka huduma hizi hadi karakanani na sokoni, kuzipunguzia ada ili mlalahoi azimudu, na juu ya yote kuwafanya waajiri, serikali ikiwa ya kwanza, kuziheshimu hati hizo wanapoajiri. Fundi akitambuliwa na mamlaka moja ya serikali kisha akafukuzwa langoni na idara nyingine ya serikali hiyo hiyo, tutakuwa tunatwanga maji kinuni.

Huenda msomaji akapinga, na hoja yake ni nzito. Cheti, pamoja na udhaifu wake, kimekuwa ngao ya mtoto wa maskini. Mtihani wa kitaifa haukumwuliza mtoto wa Turkana au wa Kwale kwamba baba yake ni nani. Je, tukikitupa cheti na kumwachia meneja aamue kwa jicho lake nani ana ujuzi, hatutakuwa tumeufungulia mlango undugu, ukabila na hongo? Katika nchi ambapo watu huulizana jina la ukoo kabla ya kuulizana kazi, hofu hiyo si ya bure.

Ndiyo maana kupima ujuzi lazima kuwe na kanuni zilizo wazi. Waombaji wote wapewe kazi moja inayofanana na ile watakayoifanya, vigezo vya alama vitangazwe mapema, na wasahihishaji wasiyajue majina ya wanaosahihishwa. Anayetaka kuwa mhasibu apewe vitabu vya hesabu vilivyovurugwa avinyooshe, na anayetaka kuwa fundi wa magari apewe injini iliyogoma. Jaribio likichukua siku nzima, lilipwe, kwa maana wapo waajiri wanaofanyisha vijana kazi ya bure kwa kisingizio cha kuwapima. Wala hatusemi daktari, rubani au mhandisi wa madaraja aache kusomea kazi yake na kupewa leseni. Tunasema tu kwamba karani wa bohari hahitaji shahada ili ahesabu magunia.

Tusidhani pia kwamba tamko litatosha. Nchini Marekani, jimbo la Maryland liliondoa sharti la shahada kwa maelfu ya kazi za serikali mwaka 2022, na Pennsylvania ikafuata mwaka 2023. Kampuni nyingi kubwa zilitangaza vivyo hivyo. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa chuo cha biashara cha Harvard pamoja na taasisi ya Burning Glass ulionyesha kwamba mabadiliko hayo yalikuwa yamemnufaisha chini ya mtu 1 katika kila watu 700 walioajiriwa. Matangazo yalibadilika, mazoea ya mameneja hayakubadilika. Kenya inayo nafasi ya kujifunza kutokana na kosa la mwenzake.

Kwa vijana wenyewe, neno langu ni hili. Usishindane na mashine kwa kile inachokifanya kwa wepesi, na usiiogope kiasi cha kukataa kuijua. Jifunze kuitumia, kisha jifunze kuikosoa. Mashine hutafsiri Kiswahili kwa kasi ya ajabu, lakini huvuruga ngeli na hubuni maneno ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyatamka. Anayeijua lugha ndiye awezaye kuligundua kosa. Mashine itakutajia dawa ya wadudu wa mahindi, lakini haijalitembelea shamba la Trans Nzoia wala haitakula hasara mavuno yakiharibika. Mwajiri ataendelea kumhitaji mtu ambaye anaweza kusema, "Jawabu hili si sahihi, na sababu ni hii," kisha akatia saini yake na kuwajibika. Kwa maana hiyo wahenga hawakukosea. Mbinu za kazi huzeeka, lakini busara ya kuijua kazi njema na mbovu haizeeki, mradi mwenyewe haachi kujifunza.

Hata hivyo, si haki kumtwika kijana mzigo wote. Kumwambia ajiendeleze daima ilhali hana tarakilishi, hana bando la mtandao na hana mwalimu ni kumkejeli. Mwaka 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde utakaotekelezwa hadi mwaka 2030. Kipimo cha mkakati huo kiwe ni kama binti wa chuo cha kiufundi kijijini ataweza kuketi mbele ya mashine hizo na kuzizoea kabla hajapambana nazo sokoni. Waajiri nao, wanaolalamika kila mwaka kwamba wahitimu hawajaiva, waurudishe uanagenzi wenye malipo. Hakuna aliyeiva bila kupikwa, na jiko la ujuzi ni mahali pa kazi.

Bahasha ya kaki imetutumikia ilivyoweza, nayo sasa imechoka. Kijana atakayebisha langoni kesho asiambiwe aiache kwa bawabu. Afunguliwe lango, apewe kazi, atazamwe akiifanya, kisha ahukumiwe kwa alichokitenda.