Korosho inaondoka ghafi, heliamu nayo?

Nikisema chuo kikuu cha umma kijenge maabara yenye mashine ya kuharakisha chembe, ile ya baridi kali inayopitisha umeme bila ukinzani, jibu nalijua: "Nanyamba watoto hawana madawati, wewe unataka atomu?" Haya, na madawati yenyewe mbona hatuyaoni?

Tuanze na vifaa. Moyo wa mashine hiyo ni matundu yaliyochongwa kwa chuma cha niobiamu. Yanapozwa kwa heliamu ya majimaji, nyuzi 269 chini ya sifuri, ndipo ukinzani unapotea. Sasa fungua ramani ya nchi yako. Niobiamu ipo Panda Hill, Mbeya. Heliamu ya Rukwa ilitangazwa 2016, na watafiti waliosifiwa walitoka Oxford na Durham. Sisi tulikuwa nani? Wenye ardhi.

Kifungu cha 9 cha sheria ya 2017 ya mamlaka ya kudumu juu ya utajiri na maliasili kinakataza kusafirisha rasilimali ghafi zikaongezewe thamani nje. CCM walijisifu sana kwa sheria ile. Lakini korosho yetu, sehemu kubwa bado inapanda meli na ganda lake kwenda India na Vietnam. Najua, wakili wa Serikali atasema korosho ni zao la shambani, haimo kwenye kifungu. Sawa mheshimiwa, ila tabia ni ile ile. Na mwaka 2013 Mtwara ilipouliza gesi inatuachia nini, tuliletewa jeshi. 2015 bomba la Madimba likazinduliwa, gesi hiyo Dar.

Eti anasa? Mgonjwa wa saratani wa Nanyamba akiandikiwa mionzi Ocean Road, anasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kulala chini ya LINAC, na hiyo nayo ni mashine ya kuharakisha chembe, ndogo tu. Ocean Road walizipata 2018, zimenunuliwa nje. Siku ikiharibika, fundi wa kuielewa amesomea maabara gani hapa nchini?

Sidai duara la kilomita 27 kama la Geneva. Jordan, nchi isiyo na mafuta ya maana, ilizindua mashine ya ukoo huu, SESAME, mwaka 2017, kwa kuchangiana na Misri, Pakistan, Uturuki, hadi Iran na Israel ndani ya uanachama mmoja! Afrika Mashariki tunashindwa kukaa meza moja?

Vijana wenzangu, tudai hivi. Mikataba ya heliamu iletwe Bungeni; sheria nyingine ya 2017 inaliruhusu Bunge kuagiza masharti kandamizi yajadiliwe upya. Kiandikwe kipengele kwamba sehemu ya heliamu inabaki nchini kwa ajili ya maabara ya UDSM au Nelson Mandela pale Arusha, na mwekezaji asomeshe wanafizikia, wakiwemo watoto wa Rukwa na wa huku kusini. Mbunge wa Nanyamba akija kuomba kura, aulizwe hilo kwanza, kabla hajagawa fulana.