Kabla ya Roma, Mpeleke Mtoto Gede

Mwulize mtoto wa Majengo ni mji gani wa kale uliozungushiwa ukuta. Atakujibu mara moja: Roma! Wa kwao hajausikia, ingawa nyumba za zamani za mtaa wake, zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, zilifuata mtindo wa Pwani.

Mji huo ni Gede, karibu na Watamu, kusini mwa Malindi. Ukuta wa nje ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukazunguka ekari 45 hivi. Ndani yake upo ukuta wa pili, uliozingira msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za matajiri. Wengine waliishi kati ya kuta hizo mbili, wengi wao katika nyumba za udongo. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Kiislamu 802, yaani 1399. Wenyeji walihama mapema katika karne ya 17, msitu ukaumeza mji.

Tulipofika huko, mwanangu wa miaka tisa aliokota jiwe lenye ncha, akaanza kukwaruza jina lake ukutani. Nikamshika mkono.

"Kwani mama, si ni magofu ya Waarabu tu?"

Msomaji, hapo niliona aibu. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemweleza. Zamani nasi tulifundishwa hivyo hivyo, kwamba wageni ndio waliotujengea. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa miji hii ilikuwa ya Waswahili wenyewe, waliofanya biashara hadi ng'ambo. Gede yamefukuliwa mabakuli ya kutoka China! Mwaka 2024, UNESCO iliuorodhesha mji huu katika Urithi wa Dunia.

Nilipomweleza, alilitupa jiwe, akaanza kuhesabu visima.

Basi likizo ijayo, weka akiba mapema. Panda treni hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi, ushuke Gede. Beba maji, na ufiche ndizi zako, maana kima wa pale hawabishi hodi. La muhimu zaidi, mweleze mtoto nyumbani kabla ya safari kwamba ukuta ule ni wa nani. Mkono unaojua mali ni yake haukwaruzi.