Vumbi la Tabaka lasubiri mwandishi wake

MJADALA kuhusu nani anayefaa kuandika habari za uharibifu wa mazingira, ambao umeshika kasi katika mataifa ya Magharibi kwa miaka michache iliyopita, unawahusu wakazi wa Tabaka, Kaunti ya Kisii, kuliko wengi wanavyodhani.

Nchini Marekani, mtandao wa The Uproot Project ulianzishwa mwaka 2021 kwa ajili ya wanahabari wa mazingira wasio Wazungu. Mtandao huo, wenye uhusiano na jarida la Grist, hutoa ufadhili kwa waandishi wanaotaka kufuatilia kwa kina masaibu ya jamii ambazo kwa miongo mingi zimegeuzwa jaa la taka za wengine kwa sababu ya rangi ya ngozi.

Chimbuko la hoja hiyo ni la zamani. Mwaka 1982, wakazi wa Warren County katika jimbo la North Carolina, wengi wao Wamarekani Weusi, walilala barabarani kuzuia malori yaliyokuwa yakimwaga udongo wenye sumu karibu na makazi yao. Zaidi ya watu 500 walikamatwa. Miaka mitano baadaye, ripoti ya kanisa la United Church of Christ ilionyesha kwamba rangi ndiyo iliyokuwa kigezo kikuu cha mahali taka za sumu zilipotupwa nchini humo.

Funzo lililotokana na hayo ni kwamba sumu haimwagwi popote ovyo. Humwagwa mahali ambapo kilio cha watu hakifiki mbali. Na kilio hakifiki mbali pale ambapo hakuna mwandishi anayekielewa.

Nchini Kenya, rangi ya ngozi si mpaka unaoamua nani asikike. Mipaka yetu ni lugha, umaskini na umbali kutoka Nairobi. Jamii ndogo kama Waogiek wa Mau zimeuhisi mpaka huo kwa uchungu, hata zikalazimika kutafuta haki nje ya nchi, katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha, iliyoamua kwa manufaa yao Mei 2017. Lakini hata jamii kubwa ina pembe zake zilizosahaulika, na Tabaka ni mojawapo.

Mji huo mdogo ulio katika eneobunge la Mugirango Kusini unajulikana kote duniani kwa mawe ya sabuni. Vinyago vya Kisii vinavyouzwa katika maduka ya watalii Nairobi na Mombasa, na vile vinavyosafirishwa hadi Ulaya na Marekani, asili yake ni matimbo ya huko. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri kutoka eneo hilo, sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Sifa hiyo ndiyo inayoandikwa. Kila wanahabari wanapofika Tabaka, aghalabu hurudi na habari ya biashara au utalii: bei ya vinyago, mawakala wanaowapunja wachongaji, ukosefu wa soko. Hizo ni habari za haki, ila ni nusu ya habari.

Nusu ya pili iko katika mashimo na katika hewa. Mawe huchimbwa kwa mikono, kwa sururu na mitaimbo, na wanaume ndio wachimbaji na wachongaji. Wanawake ndio wanaosugua vinyago kwa msasa hadi vilainike, mara nyingi maji yakiwa katika karai na mtoto akiwa kando. Jiwe likikatwa na kuchongwa likiwa kavu, vumbi lake jeupe hutanda juu ya nguo, nywele na majani ya migomba.

Madaktari hawana shaka kuhusu hatari ya vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi. Hujikusanya katika mapafu, likaleta makovu yasiyopona, kikohozi kisichokoma na pumzi fupi. Ugonjwa wa namna hiyo huja polepole, na mwathiriwa anaweza kudhaniwa kuwa na kifua kikuu au baridi ya kawaida. Habari inayokuja polepole ndiyo ngumu zaidi kuandikwa, kwa sababu haina siku moja ya kuwa kichwa cha habari.

Ardhi nayo ina kilio chake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Mahali ambapo familia hugawana vishamba vidogo mno, shimo lisilofukiwa ni shamba lililopotea. Msimu wa mvua, shimo hilo hujaa maji, na kuta zake zilizolegea huwa tishio kwa anayechimba chini yake.

Je, mwandishi aliyepewa mafunzo na muda angefanya nini hapo? Jibu lipo katika sheria zenyewe. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Sheria ya Madini ya 2016 inataka kila kaunti iwe na kamati ya kusimamia wachimbaji wadogo, na inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka.

Kutokana na sheria hizo, maswali ya mwandishi yanajitunga yenyewe. Kamati ya kaunti hukutana mara ngapi? Nani hukagua matimbo? Nani ana wajibu wa kufukia shimo likiisha mawe? Tabaka imepata nini kutokana na mgao huo? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka afisa wa umma ajibu maombi ya namna hiyo ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo uhai wa mtu umo hatarini.

Kwamba habari ikifuatiliwa inaweza kuzaa haki, mfano uko Pwani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua kutokana na sumu hiyo, alipaza sauti hata baada ya kukamatwa, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024.

Kesi hiyo ilidumu kwa sababu haikuruhusiwa kusahaulika. Hata hivyo, Owino Uhuru iko katika jiji lenye waandishi tele na mashirika ya kutetea haki, na ilikuwa na kiwanda kimoja cha kunyoshewa kidole. Tabaka haina kiwanda. Anayechafua hewa ndiye huyo huyo anayeivuta, na chanzo cha vumbi ndicho chanzo cha unga na karo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mchimbaji ana haki ya kuhofia kwamba mwandishi akiandika, serikali itafunga timbo na kumwacha mikono mitupu. Mwandishi wa mbali, asiyeujua uchumi wa eneo hilo, anaweza kweli kuleta balaa hiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandishi anayezungumza Ekegusii na kujua nani hulipwa nini kwa kusugua kinyago kimoja ndiye anayeweza kuuliza kuhusu barakoa, maji na ufukiaji wa mashimo bila kudai timbo lifungwe.

Lakini kuwa mwenyeji pekee hakutoshi. Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, kwa hivyo habari inayohitaji wiki tatu ni hasara kwake. Vyombo vingi hutegemea matangazo ya serikali za kaunti, na mwenye timbo anaweza kuwa mjomba wake au jirani yake kanisani. Ufadhili ndio unaoweza kumnunulia muda, kumpa mhariri wa kumlinda na kumlipia nauli ya kwenda kumwona daktari wa mapafu.

Mafunzo ya aina hiyo si mageni nchini. Mtandao wa Earth Journalism Network, ulioanzishwa na shirika la Internews mwaka 2004, umewasaidia wanahabari wa nchi nyingi zinazostawi, na chama cha MESHA huwakusanya Wakenya wanaoandika kuhusu mazingira, sayansi, afya na kilimo. Kasoro ya jumla ya ufadhili wa namna hii ni kwamba maombi huandikwa kwa Kiingereza na kazi hupimwa kwa Kiingereza. Mama anayesugua vinyago hupata habari zake redioni, katika stesheni za Ekegusii kama Egesa FM na Minto FM. Ripoti inayosifiwa Nairobi na isiyosikika Tabaka haijamfikia mwenyewe.

Fedha nazo zimekuwa haba. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni Januari 2025, mashirika yanayosaidia vyombo vya habari, Internews likiwemo, yalitikiswa vibaya. Kutegemea mfuko wa mgeni kumeonekana wazi kuwa ni kujenga juu ya mchanga.

Kwa hivyo mzigo unarudi nyumbani. Vyuo vikuu vinavyofunza uanahabari, mashirika ya habari yenye faida na serikali za kaunti zenyewe zina uwezo wa kugharamia nafasi chache kila mwaka kwa waandishi wa mashinani, mradi mhariri, si gavana, ndiye anayeamua kinachochapishwa. Na kipimo cha kwanza cha kazi yao kiwe rahisi: je, watu walioandikwa wameisikia, kwa lugha yao, wakiwa bado na nguvu ya kuitumia?

Dunia imekinunua kinyago cha Tabaka kwa miaka mingi bila kuuliza kilimgharimu nini aliyekisugua. Swali hilo haliwezi kungoja mgeni aje kuliuliza.